Albamu Nne

Uncle Tupelo walitoa albamu nne, kati ya 1990 na 1993, kisha wakavunjika. Hawakuwahi kuwa maarufu hivyo. Walitoka Belleville, Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea St. Louis. Jay Farrar na Jeff Tweedy walisoma sekondari moja, na mpiga ngoma wao aliitwa Mike Heidorn.

Kwetu Nakuru kantri ilikuwa muziki wa baba. Jumapili redio ni Jim Reeves, na watoto kimya. Kwa hiyo rafiki yangu wa chuoni, ambaye tulikuwa tukipiga gitaa pamoja, aliponiwekea *No Depression*, sikujua niiweke wapi. Jina lenyewe ni la wimbo uliorekodiwa na Carter Family miaka ya 1930, lakini hapa gitaa zinakwaruza kama za panki, zinakatika ghafla, zinaondoka tena mbio. Na maneno ni yaleyale ya baba: kazi ngumu, pombe, mji usio na kitu cha kufanya.

Naipenda zaidi ya tatu. Walikwenda Athens, Georgia, kwa Peter Buck wa R.E.M., wakairekodi kwa siku tano, karibu yote bila gitaa za umeme, na nyimbo za zamani za wachimba makaa zimo. Wakaiita kwa tarehe zake: *March 16–20, 1992*.

Farrar ndiye aliyeamua kuondoka. Onyesho la mwisho lilikuwa St. Louis, tarehe 1 Mei 1994. Mwaka uliofuata yeye alitoa *Trace* na Son Volt, Tweedy akatoa *A.M.* na Wilco, na jarida jipya la muziki huo likajiita *No Depression*. *Trace* ni bora, sioni ubishi. Ila Wilco ndio waliokwenda mbali, hata baada ya kampuni yao kuikataa *Yankee Hotel Foxtrot*, iliyotoka kwingine 2002.

Uncle Tupelo hawajarudiana. Watu hutuuliza mimi na rafiki yangu swali hilohilo. Mwaka wa tatu huu hatusemezani. Mwezi jana alitoa wimbo mpya. Kiitikio chake tulikitunga wawili, usiku, kwenye ngazi za hosteli. Nimeusikiliza mara nne. Ni mzuri kuliko nilivyotaka uwe.