Waya wa Muscat na Barabara ya Kasulu

Tulitoka Kibondo baada ya Sala ya Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Tulikuwa watatu: katibu wa kamati ya msikiti anayeandika makala haya, baba mmoja katika jamaa ya msikiti wetu, na mwanawe wa miaka 14 aliyefunika mdomo kwa leso. Hakuwa na mafua. Waya wa kunyoosha meno ulikuwa umechomoka upande wa nyuma, na kila alipofungua kinywa ulimchoma shavu. Siku 3 alikuwa akinywa uji tu.

Familia hii ilirejea Kibondo kutoka Muscat mkataba wa kazi wa baba ulipomalizika. Huko ndiko kijana alikoanzishiwa matibabu, kwa kuwa meno yake ya juu yalitokeza mbele mno, na ya chini yakawa yanauma ufizi wa juu kila anapotafuna. Wakati wa kufungasha, mizigo ilipimwa kilo kwa kilo, zawadi za ndugu zikahesabiwa, tiketi zikakaguliwa mara mbili. Hakuna aliyeuliza: je, tukifika nyumbani, ni nani atakayeuangalia waya huu? Habari ilipotufikia, ilikwisha kupita miezi 5 bila daktari kumtazama mtoto.

Hapa inatupasa tukiri kosa letu. Kamati ilipoombwa msaada, rai ya kwanza iliyotolewa ni kumwita fundi baiskeli aje na koleo avitoe vyuma vyote, mambo yaishe. Mwenzetu mwingine alisema matibabu yenyewe ni kubadili maumbile, hivyo kuyakatiza ni kheri. Tulimjibu kwa adabu kwamba wanazuoni wametofautisha kati ya kuchonga meno kwa ajili ya urembo, jambo lililokatazwa, na kuondoa kasoro inayodhuru. Tulimkumbusha habari ya sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani akaruhusiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kutumia pua ya dhahabu. Lakini kuhusu koleo hatukuwa na jibu, na tulikaribia kukubali. Aliyetuzuia ni mama wa kijana. Alituma ujumbe mfupi: "Vyuma hivyo vimegundishwa kwenye meno yenyewe. Mkivingoa kwa nguvu mtavunja jino. Nipelekeeni mwanangu kwa mganga." Ndipo tukafunga safari.

Barabara ya Kibondo hadi Kasulu ni sehemu ya njia ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi, inayoelekea mpaka wa Burundi. Wenye umri wetu tunaikumbuka ilivyokuwa: masika ni tope, kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya mkate. Ujenzi wa lami umeifupisha safari kwa kiasi ambacho wazee hawaachi kukishukuru. Tulipita njia panda ya Nduta, tukavuka Mto Malagarasi, tukashika njia ya Mvugwe. Vituoni akina mama walisogeza madirishani mahindi ya kuchoma, miwa na karanga. Baba alinyoosha mkono kununua, akaurudisha. Vyote vitatu ni haramu kwa kinywa kile, si kwa sheria ya dini bali kwa sheria ya waya: kigumu hubandua chuma, na utamu unaokwama huozesha jino pembezoni mwake.

Mbele ya Makere dereva alituonyesha upande iliko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na ambayo mwaka 2015 ilifurika Warundi hadi Nduta nayo ikafunguliwa tena. Milima hii ya Kigoma imewaona watu wengi wakivuka mpaka na matibabu nusunusu: mwenye dawa za kifua kikuu za miezi 6 ambaye amemeza za miezi 2, mtoto mwenye kadi ya chanjo isiyojaa, mama mjamzito asiye na kumbukumbu za kliniki. Kijana wetu alivuka kwa ndege na pasipoti, akiwa na wazazi wote wawili. Hata hivyo, shida yake ilikuwa ya aina hiyohiyo: mwili umefika, habari zake zimebaki.

Kasulu tulimpata mganga wa meno mpole, asiyejifanya kujua asichokijua. Alikata ncha ya waya, akaondoa utando uliogandamana kwenye ufizi uliovimba, akampa kijana nta ya kufunika sehemu inayokwaruza. Kisha akatueleza. Waya huo, alisema, hausimami bure. Unasukuma jino kidogo kidogo, mfupa ukilegea upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Kwa kawaida daktari huuangalia kila baada ya wiki 4 hadi 8, na kazi nzima huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka 2 au zaidi. Ukiachwa bila mwangalizi hauachi kazi. Huenda ukasukuma jino kusikotakiwa, na uchafu ukaacha madoa meupe yasiyofutika. Ukitolewa bila kuwekewa kifaa cha kushikilia, meno hurudi yalikotoka.

"Mimi hung'oa na kuziba," alisema. "Hii ni kazi ya bingwa wa kupanga meno. Na bingwa huyo atawauliza swali moja kwanza: karatasi ziko wapi?"

Karatasi hatukuwa nazo. Tuliingia msikitini kwa Sala ya Adhuhuri tukiwa wazito. Baada ya sala alitukaribia mzee mmoja, akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akauliza kisa cha mtoto kujifunika mdomo. Tulimsimulia. Alinyamaza kitambo, halafu akatuambia kwamba yeye alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa darasa la nne. Hakuwa na cheti wala barua ya mwalimu. Alianzishwa darasa la kwanza, akaketi na watoto waliomfika kiunoni, akajifunza upya herufi alizozijua.

"Si kwamba walinichukia, Katibu," alisema. "Hawakuwa na pa kuanzia. Mtafutieni kijana huyu pa kuanzia."

Tulitoka tukakaa chini ya mwembe, baba akapiga simu Muscat, kliniki aliyokuwa akimpeleka mwanawe. Tulitarajia mabishano. Mpokeaji aliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na idhini ya mzazi kwa maandishi. Siku mbili baadaye faili zima lilikuwa ndani ya simu: picha za meno kabla ya matibabu, eksirei za taya, mpango wa kazi, aina na kipimo cha vyuma vilivyogundishwa, waya wa mwisho uliowekwa na tarehe yake. Kipimo hicho si jambo dogo, kwani mifereji ya vyuma hivyo haifanani, na waya wa kipimo kimoja haukai vema katika mfereji wa kingine. Vitu hivyo vyote vilikuwako miezi yote 5, vikimngoja mtu wa kuviomba.

Kwa faili hilo bingwa mmoja wa Dar es Salaam alikubali kumpokea. Hakutupamba kwa ahadi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na hakuna mzazi wa Kibondo awezaye kwenda na kurudi kila mwezi. Alitupa njia mbili: kuvitoa vyuma kitaalamu na kuweka kifaa cha kushikilia meno pale yalipofika, au kuendelea kwa waya laini, kijana akionwa kila likizo ya shule, akijua kazi itakwenda polepole na pengine haitafika ukamilifu uliopangwa Muscat. Baba alimtazama mwanawe, naye akasema, "Nataka kuendelea, lakini nauli isiwanyime wadogo zangu ada." Wakakubaliana kujaribu kwa likizo 3, kisha kuvitoa, yawe yamenyooka au bado. Jamaa ya msikiti imechangia nauli ya safari ya kwanza. Za baadaye bado tunazitafuta.

Ndugu zetu mnaohama, iwe kwenda Ghuba, Ulaya au kurudi nyumbani, tunawausia haya. Mtoto akiwa na waya mdomoni, mwambieni daktari miezi kadhaa kabla ya safari. Ombeni nakala ya faili, maana ni haki ya mgonjwa kujua habari za mwili wake. Ulizeni mapema kama mnakokwenda yuko bingwa, na nauli yake ni kiasi gani. Ikiwa hayuko na hamtamfikia, ombeni vyuma vitolewe hukohuko na mpewe kifaa cha kushikilia. Kumaliza mapema kwa utaratibu ni bora kuliko kuendelea bila mchunga. Na mswaki usikome, hata Ramadhani, kwa uangalifu wa kutomeza.

Kamati yetu nayo imejifunza. Zamani mtu akihama tulimwandikia barua ya utambulisho kwa msikiti wa huko aendako, tukamwombea dua. Sasa kabla ya dua tunamuuliza: nani katika nyumba yako yuko katikati ya matibabu, na karatasi zake ziko wapi? Mwili ni amana, na amana hukabidhiwa pamoja na maelezo yake.

Tuliporudi Kibondo jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima. Kijana alikuwa ameiondoa leso. Aliomba ndizi mbivu, akaila polepole, akitafuna upande mmoja.