Amana Iliyomo Katika Tangi la Kioo

Watu wengi hudhani ya kuwa kufuga samaki wa mapambo ni upuuzi wa wenye fedha na nafasi. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao, mpaka tangi moja la kioo lilipoingia nyumbani kwangu huku Mtoni, wilaya ya Temeke, nami nikapata humo somo ambalo wazee wangu walijitahidi kunipa nikiwa mdogo, wala sikulishika.

Mwanangu wa kiume, wakati huo mwenye umri wa miaka 10, alinisihi kwa muda mrefu nimnunulie samaki. Basi nikaenda kwa muuzaji mmoja wa Kinondoni, nikarudi na tangi la lita 100, chujio, pampu ndogo ya hewa, na samaki 8 wa rangi ya manjano, katika jamii iitwayo mbuna. Asili yao ni Ziwa Nyasa, ziwa ambalo lina aina nyingi za samaki kupita ziwa lingine lolote duniani. Mbuna hupenda maji yenye chokaa. Kwa hiyo tuliwatilia mawe ya matumbawe yaliyosalia katika msingi wa nyumba yetu, nao wakayafanya mapango yao. Chombo cha kupasha maji moto hatukukihitaji, kwa kuwa joto la Dar es Salaam latosha.

Mwanangu alishika kazi yake vizuri kuliko nilivyotazamia. Aliwalisha kidogo kidogo, na kila juma alitoa robo ya maji na kutia mengine. Lakini maji ya bomba hakuyatia papo hapo. Aliyaacha katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana, ili dawa ya klorini ipate kutoka. Mimi nilikuwa nikimcheka kwa uangalifu wake huo.

Siku moja tulikuwa tukitazamia wageni, na mtoto yuko chuoni. Nikaona maji ya tangi yana ukungu, nikaona haya. Nikayamwaga karibu yote, nikaliosha chujio chini ya bomba mpaka likang'aa, kisha nikalijaza tangi ndoo baada ya ndoo kutoka katika bomba lile lile. Wageni wakaja, wakasifu. Asubuhi yake samaki 5 walikuwa wakielea, wamekufa.

Sababu yake sasa naijua. Klorini huunguza matamvua ya samaki; tena huua vijidudu vyema vinavyokaa katika chujio, ambavyo kazi yao ni kuigeuza sumu ya amonia, itokayo kwa samaki na katika mabaki ya chakula, iwe kitu kisichodhuru sana. Vijidudu hivyo huchukua majuma kadhaa kuenea katika tangi jipya. Mimi niliviangamiza kwa saa moja, nikauita usafi.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa hilo. Mwanangu alisimama mbele ya tangi, akasema huku akilia, "Baba, nimewaua mimi. Juzi niliwapa chakula mara mbili." Nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikanyamaza. Nikamwambia tu kwamba yamepita, asilie. Mke wangu, aliyeniona na ndoo, alinitazama, wala hakusema neno mbele ya mtoto. Usiku wa pili ndipo aliponiambia kwa sauti ndogo, "Bwana, mtoto hali."

Sikupata usingizi. Nikakumbuka habari aliyotusimulia Mtume wetu (s.a.w.) ya mwanamke aliyepata adhabu kwa sababu ya paka, kwa kuwa alimfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Toka utotoni nilidhani habari ile ni ya paka tu. Usiku ule nilifahamu kwamba kila kiumbe tunachokifungia tumekiondolea njia ya kujitafutia, na riziki yake imekuwa juu ya mikono yetu. Na mtoto je? Naye yumo katika mikono yetu, na mimi nilikuwa nimemfungia ndani ya hatia isiyo yake.

Baada ya sala ya alfajiri nilimwita, nikamweleza yote. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mbona hukusema, Baba?" Sikuwa na jibu ila lile la kweli: nilione haya. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tuwatazame hawa watatu waliobaki." Asubuhi ile alikula.

Miezi ilipita. Siku moja akaja mbio kuniambia kwamba samaki mmoja hataki chakula, na kidevu chake kimevimba. Tulipomchungulia vizuri tukafahamu: alikuwa na mayai kinywani. Mbuna jike huyaokota mayai yake mara tu anapoyataga, akayaatamia mdomoni muda wa majuma matatu hivi, wala hali chakula mpaka wanawe waweze kuogelea. Mkono wangu ulitaka tena kufanya haraka, nimhamishe apate utulivu. Mwanangu akanizuia, kwa maana mama akishtushwa huweza kuwatema au kuwameza. Tukangoja. Baada ya siku 20 na ushei tukahesabu watoto 11, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, wakijificha katika mawe. Mama yao alikuwa amekonda sana.

Walipokua, tangi likawa dogo. Mwanangu akasema tuwapeleke wengine Mto Kizinga. Hilo nililikataa, nikamweleza habari ya Ziwa Viktoria: jinsi sangara walivyotiwa humo katika miaka ya 1950, wakaenea sana katika miaka ya 1980, na aina nyingi mno za furu zikatoweka, nyingine zimesalia kwa kuwa watu wa mbali walizifuga na kuzizalisha katika matangi kama hili letu. Aliyefungia kiumbe hajimalizii deni lake kwa kukitupa mtoni. Basi tukawagawia jirani, kila mmoja na maagizo yake.

Ndugu wasomaji, siwashurutishi kununua samaki. Nasema tu kwamba pembeni mwa mlango wetu wa uani daima ipo ndoo ya maji iliyo wazi, na kila ninapoishika, kijana wangu huniuliza, "Baba, maji haya ni ya jana?"

Nami humjibu kweli.