Kitanda cha Jirani

Malori ya kuwarudisha Warundi kwao yakishatangazwa, kambi yetu ya Nyarugusu inageuka soko. Mtu anauza sufuria, anauza kuku, anauza mlango. Mlango kabisa, na bawaba zake. Sisi Wakongomani tunaobaki tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza bei. Sijivunii kusema hivyo, lakini anayeondoka ana haraka, na asiye na haraka ndiye anayepanga bei.

Mimi ni seremala. Kazi nilifundishwa na baba kule Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Nilipovuka ziwa nilikuja na patasi moja tu. Randa nilikuja kununua huku, kuukuu. Hapa kambini nimetengeneza stuli, meza, rafu za vyombo, na karibu vyote ni vya misumari. Kutoboa matundu na kuchonga ndimi, kama alivyonifundisha baba, niliacha. Nilikuwa najiambia, si tunapita tu? Ya nini kumaliza siku nzima kwenye viungo vya meza? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo waliozaliwa humu na sasa wana watoto wao, na mimi bado nilikuwa napigilia misumari ya "tunapita tu".

Mwaka 2022 jirani yetu, mama Mrundi, mjane, aliandikwa kwenye orodha ya safari. Akaniita.

"Fundi, uje uone hii kitanda."

Kilikuwa 4 kwa 6, mbao za mninga, kazi ya marehemu mume wake. Pembe zote nne zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya ubao na misumari ya inchi 4, vibaya kweli kweli. Baada ya mume kufa kitanda kilianza kulia usiku, akaita kijana mmoja akifunge, naye akakifunga kwa njia aliyoijua. Mama akasema angependa sana aende nacho, lakini nani atakubali kupakia kitanda kizima? Alitaka shilingi 30,000.

Nikainama kukagua, jinsi tunavyofanya ili bei ishuke. Chaga zilikuwa zimeliwa na mchwa. Hilo nililisema kwa sauti. Halafu, chini ya kipande kimoja cha ubao, nikaona ncha ya kabari.

Niwaeleze ambao si maseremala. Ulimi wa ubao wa ubavuni unaingia kwenye tundu la mguu na kutokeza upande wa pili. Pale unapotokeza unatobolewa tundu dogo, ndani yake inagongwa kabari. Hakuna msumari, hakuna gundi. Ukigonga kabari ikatoka, kitanda kinaachia, unafunga mbao kwa kamba, unakwenda nazo. Kikianza kulia huhitaji misumari, unaigonga tu kabari kidogo izame.

Hilo sikulisema. Nilisema, "Mama, mbao zimechoka. Nina 12,000."

Alizipokea. Akazihesabu mara mbili, akanishukuru. Kesho yake asubuhi akapanda lori.

Nilikibomoa mchana huohuo. Misumari ya yule kijana ndiyo iliyonichosha. Kabari zenyewe zilitoka moja baada ya moja, na maji ya chai yalikuwa hayajachemka kitanda kikawa kimelala chini vipande vipande. Mbao mbili za ubavuni, nguzo nne, ubao wa kichwani na wa miguuni. Mzigo wa watu wawili. Kwenye kila kiungo marehemu alikuwa amechora alama kwa patasi, mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, pande zote mbili, ili siku ya kukiunga tena asihangaike kutafuta nini kinaingia wapi. Yule baba alijenga kitanda cha kurudi nacho nyumbani. Pengine hakuwahi kumwambia mkewe. Na pengine kwenye lori wangekataa hata hizo mbao. Pengine.

Bibi yangu alipita akaziangalia chaga. "Kuni za wiki hizi," akasema, akaanza kuzikusanya. Usiku ndipo nilimweleza. Alinyamaza kidogo.

"Ungemwambia. Yule mama alikuwa anakuheshimu."

Mtoto wetu wa kike yuko darasa la sita. Alikuwa anaandika ameketi mkekani, daftari juu ya dumu la maji. Nikamtengenezea meza. Mbao za ubavuni zilikuwa na urefu wa futi 6 na upana wa inchi 6. Nikizikata katikati napata nne za futi 3, nikizipanga zinatoa uso wa futi 3 kwa 2. Nguzo ndefu za kichwani, futi 5, zikatoa miguu minne ya inchi 30. Sehemu nyeupe ya nje mchwa walikuwa wameionja, lakini moyo wa mninga hawakuuweza. Matundu ya zamani niliyaziba kwa vipande vya mti uleule. Yanaonekana bado, sitadanganya.

Viungo nilichonga kama baba alivyonionyesha, na kabari. Mikono ilikuwa imesahau. Ulimi wa kwanza uliingia ukilegea, nikautupa. Ilinichukua siku nne. Kila mahali nilipiga randa isipokuwa kwenye alama za marehemu; pale zilipobaki, nilichora zangu pembeni.

Namba ya simu aliyoniachia yule mama ilikuwa ya laini ya Tanzania, haipatikani tena. Nimewapa wawili waliorudi ujumbe na 20,000, kila mmoja kumi. Sijapata jibu.

Nilimwonyesha binti yangu jinsi meza inavyofunguka. Sasa kila Jumamosi anaibomoa na kuijenga upya peke yake, mama yake anagomba kwamba nyumba imejaa mbao. Kabari moja imeshapotea. Nimechonga nyingine kwa kipande cha mwembe. Ni nyeupe, haifanani na zenzake.