Nahodha, Mkewe na Maji ya Malagarasi

Mto Malagarasi una tabia ya msafiri asiyetaka kufika upesi. Huzaliwa katika milima ya mpaka wa Burundi, upande wa Kasulu, mahali ambapo si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Lakini badala ya kuteremka moja kwa moja magharibi hulipa ziwa kisogo, hushika njia ya kaskazini na mashariki, hupita baina ya nchi ya Kasulu na nchi ya Kibondo, hujitandaza katika mabwawa ya Muyovozi, na mwisho hugeuka kurudi magharibi kwa njia ya Uvinza, mpaka uingie katika ziwa lile lile uliloliacha nyuma. Mvua inyeshayo juu ya migomba na mashamba ya maharage ya Waha, karibu yote hupata njia ya kufika ziwani. Watu wenyewe hawakuyafuata maji hayo kwa wingi. Muha wa milimani alikuwa mtu wa jembe na mifugo. Chombo alichokijua ni mtumbwi wa kuvukia mto, na baada ya kuvuka alishukuru kukanyaga nchi kavu.

Kwa sababu hiyo yamkini habari ya mume na mke waliotaka kuishi maisha ya chomboni itaonekana ngeni katika nchi hiyo. Walakini watu hao walikuwapo, na njia yao ilipita kusini ya milima hiyo.

Edward Coode Hore alikuwa baharia wa Kiingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa London. Wenzake walikuja na vitabu. Yeye alikuja na ujuzi wa tanga na dira. Alipata mtumbwi wa gogo, akautengeneza upya, akautweka tanga, akauita Calabash, yaani kibuyu. Katika chombo hicho kidogo alizunguka pwani za ziwa, na mwaka 1879 aliufikia mto Lukuga akauona ukitoka ziwani kwa nguvu kwenda magharibi. Jambo hilo lilikuwa limeleta ubishi mrefu: Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876 walikuwa wamepita hapo bila kuacha jibu lililowaridhisha wote.

Kibuyu hakikumtosha. Mwaka 1882 aliondoka Saadani na mashua ya chuma iliyokatwa vipande vipande, ikakokotwa juu ya mikokoteni kuvuka nchi nzima, na mwaka uliofuata ikaunganishwa Ujiji na kuelea kwa jina la Morning Star. Ya tatu ilikuwa meli ya moshi, Good News. Vipande vyake vilipitishwa Zambezi na Ziwa Nyasa, kisha vikachukuliwa na watu mpaka mto Lofu, kusini ya Tanganyika. Kiwiliwili chake kiliingia majini Machi 1885. Mhandisi aliyeiunda, James Roxburgh, alikufa mwaka huo huo, na meli ilingoja mpaka mwaka 1887 ndipo ikaenda kwa mashine zake.

Siku hizi mume na mke wenye uwezo hununua mashua ya mashine yenye vitanda na jiko ndani, wakatembea nayo pwani baada ya pwani, Kilifi leo, Unguja juma lijalo. Wakichoka hutia nanga, wakipenda huondoka. Husemwa kuwa huo ndio uhuru uliokamilika. Lakini chombo cha baharini hupelekwa na bahari yenyewe mahali kinapotakiwa. Chombo cha Tanganyika katika karne ya 19 kilipelekwa kwa mabega ya watu, na kila msumari wake ulikuwa umekwisha kutoa jasho kabla ya kuonja maji. Wapagazi hao hawakupewa nafasi ya kupanda.

Mwaka 1884 Hore aliteremka pwani kumchukua mkewe, Annie, na mtoto wao wa kiume, Jack, aliyekuwa bado mdogo wa kubebwa. Bibi huyo alisafirishwa katika kiti cha magurudumu, cha namna iliyotumika Uingereza kuwasukumia wagonjwa. Lakini njia za miguu za Tanganyika hazikuwa barabara za mji wa starehe, na kiti kilining'inizwa katika mti, kikachukuliwa na watu kwa zamu. Walitembea siku 90 hivi kutoka pwani. Walivuka Malagarasi, wakafika Ujiji mwanzo wa mwaka 1885. Katika nchi hiyo Stanley, mwaka 1871, alitozwa hongo na watawala wa Uha mara kwa mara hata akaona afadhali anyemelee usiku pamoja na msafara wake. Annie Hore alipita mchana, mtoto akiwa pamoja naye. Kitabu alichokitoa London mwaka 1886 kilikitaja kiti hicho katika jina lake, na wasomaji wengi walikicheka kwa upole. Ni cheko la watu ambao hawakukaa humo siku 90.

Makao yao yalikuwa Kavala, kisiwa kidogo karibu na pwani ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Nahodha alikipenda kwa bandari yake. Kwa baharia hoja hiyo inatosha: chombo kikipata kificho cha upepo, nyumba itajengwa popote. Wakati wa kusi ziwa hilo huinua mawimbi ambayo mgeni hayatarajii katika maji yasiyo na chumvi, na mwenye mashua hawezi kulala ikiwa nanga yake haina mahali pa kuaminika.

Hapo ndipo panapotakiwa kusimama kidogo. Katika habari za watu wawili wanaoishi kwa chombo chao, aghalabu husimuliwa upepo, mashine, bandari na hatari. Yaani husimuliwa habari za mmoja. Hore alikwenda na kurudi: vituo vya kusini vilimhitaji, barua zilimhitaji, meli isiyokwisha ilimhitaji. Annie alibaki kisiwani na mtoto, akafundisha wasichana, akatazama maji. Kiti kile kilikuwa safari yake kubwa. Kilichofuata kilikuwa kungoja. Si haki kusema kwamba alilazimishwa, kwa maana alikuja kwa hiari na kwa moyo thabiti. Lakini ukipima kazi mbili hizi, ya kushika usukani katika tufani na ya kukaa pwani bila kujua kama usukani bado umeshikwa, haieleweki kwa nini ya kwanza peke yake iitwe ushujaa.

Kavala iliachwa mwaka 1888. Jack, mtoto aliyevushwa Malagarasi akiwa mchanga na kulelewa kisiwani, alikufa Uingereza mwaka 1889. Baba yake alitoa kitabu kikubwa juu ya ziwa mwaka 1892, chenye hesabu ya miaka kumi na mmoja ya kazi. Yeye mwenyewe alimalizia maisha yake Tasmania, penye bahari pande zote.

Baada yake vipande vingine vilipita kwenda ziwani. Vya meli Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, vilifika kwa reli na kuunganishwa Kigoma, na meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Iliibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Mei 2015 meli hiyo ilitumwa Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na ziwa, ambapo makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikuwa wamekusanyika. Barabara ya gari haikuwapo. Liemba ilisimama mbali kidogo na ufuko, watu wakapelekwa kwa mashua ndogo, mia sita hivi kwa safari moja: mume akitangulia kupanda ili apokee mtoto, mke akimkabidhi mtoto kwanza, kisha sufuria, kisha godoro lililokunjwa, na mwisho mkono wake mwenyewe. Nyumba yao yote ilikuwa sitahani kwa saa chache, mpaka Kigoma. Kutoka huko walipandishwa magari kwenda Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na kuanzia Oktoba wengine walipelekwa Nduta, Kibondo, katika nchi ambayo mvua yake huteremka Malagarasi, huzunguka kwa mbali, na kurudi ziwani.