Kabla ya kulaumu jua la Garissa, pangusa friji

KILA mtu aliyewahi kukanyaga Garissa ana kisa chake kuhusu joto. Mwezi wa Februari na Machi, kabla mvua hazijaanguka, kipimo hupanda hadi nyuzi 36 au 37 kivulini, na upepo unaovuma hauleti nafuu yoyote. Huleta vumbi tu.

Ndiyo maana biashara nyingi mjini humo haziwezi kwenda bila mashine za baridi. Bucha za nyama ya ngamia na mbuzi, hoteli, maduka ya dawa, wauza soda na maji, na zaidi ya wote akina mama wa maziwa, riziki yao imefungiwa ndani ya friji.

Lakini katika safari zangu za kikazi huko, jambo moja limenishangaza kila mara. Watu huijali sana bidhaa iliyo ndani ya friji, na kuisahau friji yenyewe. Mlango hupanguswa ukang'ara, rafu zikaoshwa kwa sabuni, ilhali nyuma ya mashine hiyo hiyo vumbi limelala kama blanketi.

Msomaji mpenzi, leo nataka tuzungumze kuhusu koili. Usitishwe na jina. Koili ni mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa mfano wa utumbo, na katika mashine nyingi za biashara huwa yamevishwa vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa karibu karibu kama kurasa za kitabu. Ukiitazama utadhani ni rejeta ya lori, na kwa hakika kazi zao ni za ukoo mmoja.

Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani mna koili moja inayolinyonya joto la maziwa au nyama. Gesi iliyomo humo hulibeba joto hilo, kompresa huisukuma gesi, na koili ya pili iliyo nje hulitupa joto hewani kwa msaada wa feni. Kisha gesi hurudi ndani kuchukua mzigo mwingine. Kiyoyozi cha hotelini nacho hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa fikiria hali ya Garissa. Joto hutoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo, kama maji yanavyoteremka mlima. Kwa hiyo koili ya nje lazima iwe na joto kuliko hewa inayoizunguka, ndipo iweze kulitupa. Nairobi, hewa ikiwa nyuzi 24, kazi hiyo ni nyepesi. Garissa, hewa ikiwa nyuzi 37, koili hulazimika kukaribia nyuzi 50 hata ikiwa safi kabisa.

Mashine ya Garissa, basi, huanza siku ikiwa imechoka tayari. Ukiiongezea blanketi la vumbi, joto halipati mlango wa kutokea. Kompresa hukoroma mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, bili ya stima hupanda, oili iliyo ndani huungua polepole, na siku moja mota hukatika. Bei ya kompresa mpya kila mfanyabiashara aijua.

Madereva wa malori ya barabara ya Thika kwenda Garissa hawahitaji kufunzwa haya. Wanajua kwamba rejeta iliyojaa nyasi na matope itaichemsha injini kabla ya kufika Mwingi. Wao husimama, wakaiosha, wakaendelea na safari. Mbona mwenye friji asifanye vivyo hivyo?

Hasara ya jambo hili niliiona kwa macho yangu msimu mmoja wa kiangazi, nilipokuwa nikizungumza na wauza maziwa ya ngamia karibu na soko. Mama mmoja alikuwa amelaza mitungi 3 ya lita 20 katika friji kubwa ya mfanyabiashara mmoja, ambaye hulipwa ada kwa kila mtungi. Asubuhi alipokuja kuichukua aipakie kwenye basi la Nairobi, maziwa yalikuwa yameharibika.

"Mama, hili ni joto la Mungu," mwenye friji akamwambia. "Mimi nifanye nini?"

Yule mama hakupaza sauti. Alionja, akafunga mtungi, akauliza, "Na mashine uliyoniambia ni ya baridi, kazi yake ni nini?"

Maziwa ya ngamia si mepesi kuharibika. Yana kinga yake ya asili, na huvumilia joto kwa muda mrefu kuliko ya ng'ombe. Tena wafugaji wana njia yao ya kuyachachua kwa makusudi, wakapata susa inayopendwa sana na wenyewe. Lakini maziwa yaliyochacha kwa bahati mbaya katika mtungi wa plastiki hayana mnunuzi. Wateja wa Eastleigh huyataka matamu.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana wa Ukambani. Jambo la kwanza mwenye friji alilomwambia ni, "Fundi, ongeza gesi." Kijana akatabasamu, akafungua bisibisi nne na kukiondoa kibati cha chini. Tulichokiona kilikuwa kama mkeka: vumbi jekundu, nywele za mbuzi, nyuzi za magunia na mafuta ya jikoni, vyote vimeshikana juu ya koili hata vibati vya alumini havionekani. Feni ilikuwa ikizunguka, lakini hewa haikupita.

"Mzee, gesi iko," alisema. "Friji yako imezibwa pua."

Alitumia saa moja hivi, brashi moja na ndoo mbili za maji. Kipimajoto kilichokuwa kimekwama kwenye nyuzi 14 kilisoma 5 kabla ya magharibi. Gesi haikuongezwa hata kidogo.

Ndipo wazee wawili wa soko waliokuwa wakisikiliza wakaingilia kati. Mmoja wao alisema kwamba jua ni la Mungu, lakini vumbi lililolala mahali kwa mwaka mzima lina mwenyewe. Baada ya mabishano marefu, mwenye friji alikubali kumlipa mama nusu ya thamani ya maziwa. Nusu nyingine ilipotea, na karo ya watoto ikasubiri.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Mwenye mashine hupoteza pesa za stima na kompresa, mali yake mwenyewe. Lakini anayepoteza kwanza, tena bila kujua sababu, ni yule aliyeleta mtungi wake kwa imani.

Na hili la gesi wacha nilieleze, maana limewatajirisha mafundi wasio waaminifu. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana tundu, na tundu hutafutwa likazibwa kwanza. Fundi anayekuja kila miezi michache kuongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia hewa. Isitoshe, nyingi za gesi hizi huongeza joto la dunia zikivuja, na ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwaka wa 2016 yakakubaliana kuzipunguza.

Je, koili husafishwaje? Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Kutumbukiza brashi yenye maji penye umeme ni kucheza na mauti. Toa kibati cha kuikinga, kisha upanguse kwa brashi laini ukifuata mstari wa vibati vya alumini, kamwe usivikate kwa upande, kwani hupinda upesi kama karatasi.

Vumbi kavu likitoka, mwagia maji ya sabuni nyepesi taratibu, ukivifunika vifaa vya umeme kwa plastiki. Suuza, uache ikauke kabisa, ndipo uwashe. Usiipeleke mashine kwa waosha magari. Maji yao ya nguvu huvilaza vibati, na hewa haipiti tena.

Angalia pia maji unayotumia. Visima vingi vya Kaskazini Mashariki vina chumvi, na chumvi hula alumini. Maji ya mfereji au ya mvua ni salama zaidi.

Kwa kiyoyozi, usisahau koili ya ndani na chujio lake. Vikiziba, hewa hudhoofu, barafu huganda juu ya mabomba, maji yakadondoka ukutani na chumba kikanuka uvundo. Mgeni wa hoteli hulalamika kwamba kiyoyozi ni kibovu, kumbe kinahitaji kuoshwa tu.

Mijini penye lami na miti, kusafisha mara moja kila miezi mitatu huenda kukatosha. Garissa, Wajir na Mandera, wakati wa kiangazi, itazame koili kila mwezi. Ukimulika tochi usione mwanga ukipenya katikati ya vibati, muda umepita.

Nisidhaniwe kwamba nazungumzia maziwa peke yake. Chanjo nyingi za watoto sharti zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na zahanati za mbali nazo zina vumbi lile lile. Hata ule mtambo mkubwa wa umeme wa jua wa Garissa, wa megawati 50, uliozinduliwa mwaka wa 2019, hauwezi kuachwa bila kusafishwa, kwani paneli iliyofunikwa vumbi hutoa umeme kidogo. Katika nchi kavu, usafi wa mashine ni sehemu ya kazi ya mashine.

Waliobuni kiyoyozi cha kisasa Marekani mwaka wa 1902 walikuwa wakitaka kukausha hewa katika kiwanda cha uchapishaji mjini New York, karatasi zisivimbe. Hawakuwa na Garissa akilini. Sisi tulioileta mashine yao katika jua hili ndio wenye wajibu wa kuitunza inavyofaa hapa.

Na somo hatulihitaji kutoka mbali. Wanawake wa jamii za wafugaji tangu zamani huviosha vyombo vyao vya maziwa na kuvifukiza moshi wa vijiti maalumu, ili maziwa yasiharibike. Hawasubiri maziwa yachache ndipo wavifukize. Mama aliyefanya hivyo alfajiri kwa mikono yake, anastahili kuyakabidhi maziwa hayo kwa friji ambayo mwenyewe naye ameinama akaipangusa.