Fomu Iliyonifungua Mdomo

Kwa miezi minane nilimficha mume wangu kitu: hela ya kutafsiri nyaraka wikiendi. Nilijiambia ni yangu, ya saluni na ya kumtumia mama nyumbani.

Basi tukachoka kupanga hapa Houston, tukachukua fomu za msaada wa jiji, ule mkopo wa kuongezea malipo ya awali ya nyumba. Sharti lao kubwa: kipato cha nyumba nzima kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, kufuatana na idadi ya mliomo ndani. Na wanahesabu kabla ya kodi: mshahara, ovataimu, hata vibiashara vya pembeni.

Hapo kalamu ikagoma. Nikinyamaza, nasaini uongo, tena mbele ya mume wangu. Nikamwambia palepale mezani. Alikaa kimya weee, halafu na yeye akatoa lake: deni la kadi nisilolijua!

Tulijumlisha upya usiku ule, tukabaki chini ya kiwango. Nyumba bado tunatafuta. Ila wewe na mwenzio, jamani, msingoje fomu iwaulize.