Usikope Milioni kwa Ajili ya Vumbi

Kama wewe ni wa huku kwetu Ukonga, iwe Mombasa, Mazizini au Mongolandege, bila shaka umeshaona jinsi vijigari vya haibridi vilivyotuvamia. Vinapita kimya kama mchawi. Unashtukia kitu kiko mgongoni kwako na hukusikia hata mngurumo. Wenye navyo wanaringa kwamba wao wese la elfu ishirini wanazunguka nalo mji mzima. Sawa, waringe tu. Lakini siku kikizimika, hapo ndipo utamjua nani ana roho ngumu na nani ana mkopo wa kikoba.

Leo nataka tuongee hicho: gari la haibridi likiugua, tunampelekea nani, na tunamlipa kwa lipi hasa. Naomba nieleweke mapema. Mimi niliishia kidato cha nne, fizikia yangu si ya kumtisha mtu. Ila kijiweni kwetu gereji ni mbili, na macho ninayo.

Kwanza tuelewane kuhusu mdudu mwenyewe. Haibridi si kitu cha juzi. Toyota walianza kuuza Prius kwao Japani Desemba 1997, na hii Aqua inayotusumbua mitaani ilianza kuuzwa huko Desemba 2011. Zikishatumika huko miaka na miaka, ndiyo zinapakiwa melini kuja kwetu. Kwa hiyo gari unaloliita jipya kwa kuwa namba ni mpya, betri yake inaweza kuwa imeshaona mengi kuliko mwanao wa darasa la saba.

Ndani mna injini ya petroli kama kawaida, halafu mna mota za umeme. Betri ziko mbili. Ile kubwa ya Aqua ni ya volti 144, imepangwa kwa vipande 20, kila kimoja volti 7.2. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, jumla volti 201.6. Halafu kuna betri ndogo ya volti 12, hii hii tunayoijua sote. Sasa sikia kituko: gari hilo halina stata wala altaneta. Injini inazungushwa na mota kwa nguvu ya betri kubwa. Fundi wa zamani akifunua boneti kutafuta stata atatafuta mpaka magharibi.

Na ile betri ndogo usiidharau. Kazi yake ni kuiamsha kompyuta na kuifungulia mlango ile kubwa. Ni kama mtoto wa kutumwa dukani: mdogo, lakini akigoma kwenda, watu wazima wote wanalala njaa.

Sasa kisa. Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha Aqua, teksi hizi za kuita kwa simu. Nusu ya fedha ya gari ilitoka kwenye kikoba cha dada, na kila Jumamosi rejesho linasubiri. Mwezi wa pili, joto lile la Dar ambalo hata mbwa hawabweki, gari likaanza vituko. Saa saba mchana, anatoka uwanja wa ndege kwenda Pugu na abiria wanne na mabegi yao, dashibodi inawaka pembetatu nyekundu, gari linakosa nguvu, abiria wanashuka wanasonya. Usiku akiliwasha, zima kabisa! Linakimbia kama swala.

Akalipeleka gereji moja, jina nitalihifadhi. Kijana akachomeka mashine, akasoma dakika mbili, akatoa hukumu: betri kubwa imekufa, lete milioni mbili na nusu, na hiyo mbovu utaniachia. Dada akaanza kutafuta wadhamini wa mkopo wa pili kabla wa kwanza haujafika nusu. Nyumba ikapoa. Chakula kinaliwa bila maneno, watoto wanajibiwa kwa mkato.

Mimi nikamuuliza tu, "Shemeji, kama imekufa, mbona usiku inafufuka?"

Akanitazama. "Shemeji, hata mimi hilo linanisumbua."

Tukaambiwa kuna fundi mmoja upande wa Gongo la Mboto, alipita VETA, mambo ya haibridi amejifunza mwenyewe miaka sasa. Tukaenda. Cha ajabu, hakufungua boneti. Alivuta kigoda, akaanza kuuliza kama daktari. Linasumbua saa ngapi? Likiwa na watu wangapi? Asubuhi linawaka vizuri? Kiti cha nyuma huwa unabeba nini?

Hapo shemeji akacheka kidogo. Alfajiri, kabla ya abiria, huwa anampelekea mama mmoja mifuko ya chakula cha kuku. Anailaza pale pale kwenye kiti cha nyuma.

Fundi akatikisa kichwa. Kisha akasema kupima ni elfu thelathini, atengeneze asitengeneze. Shemeji nusura aondoke. "Elfu thelathini kuangalia tu?"

"Kaka, kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Kufungua nati hata mwanao anaweza."

Akazima gari, ufunguo akauweka mbali, akafungua waya wa betri ndogo. Akavaa glavu nene za mpira, zile maalumu za umeme, si za kuoshea vyombo. Akachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, halafu akakaa. Dakika kumi nzima, anakunywa maji. Kijana wake akawa na haraka, akamkemea. Akatueleza kwamba kwenye inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, umeme unapandishwa kupita volti 500, na hata ukishazima kuna chaji inayobaki humo kwa dakika kadhaa. Ukutani kwako TANESCO wanakuletea volti 230 tu na inaua. Kwa hiyo, msomaji wangu, zile nyaya nene za rangi ya machungwa ukiziona usiziguse, na usimruhusu kijana wa bisibisi na koleo azikate "kujaribu". Hapo hakuna kujaribu, kuna kuzika.

Basi akang'oa kiti cha nyuma. Betri ya Aqua imelala chini ya hicho kiti, na ina feni yake inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Ile feni ilikuwa imevaa koti! Pumba za kuku, nywele, nyuzi za nguo na vumbi la barabara zetu hizi, vimeshikamana kama godoro. Hewa itapita wapi? Mchana wa joto, abiria wanne, mlima wa Pugu, betri inachemka, kompyuta inajihami. Usiku kuna ubaridi, inapumua, gari linapona.

Akasafisha feni na njia zake zote. Akapima kipande kimoja kimoja, vyote vikasoma karibu sawa, hakuna aliyeachwa nyuma na wenzake. Akarudisha kila kitu, tukaondoka naye saa nane mchana, jua la utosi, mpaka Pugu na kurudi, mashine yake inasoma joto la betri njia nzima. Pembetatu haikutokea. Akamwambia shemeji ukweli bila kupaka asali: betri hiyo ina umri, ipo siku itakufa kweli, ila siku yenyewe si leo. Na chakula cha kuku kitafutiwe bajaji.

Milioni mbili na nusu, msomaji. Kwa ajili ya pumba.

Nilikaa naye siku mbili tatu baadaye nikamdodosa, maana najua wengi mnaosoma hapa mna vigari hivyo. Akaniambia kila ugonjwa una saa yake, uisikilize. Asubuhi taa za dashibodi zinachezacheza na lile neno READY haliji? Anza na betri ndogo na vichwa vyake, angalia kutu. Hiyo haifiki hata robo ya bei ya kubwa. Na jirani akikuomba umbusti lori lake kwa haibridi yako, mwambie huna waya. Ukigeuza chanya na hasi, unaweza kuiunguza inveta.

Likichemka, jua kwamba inveta nayo ina kulanti yake na pampu yake, tofauti na ya injini. Mwaka 2012 Toyota wenyewe waliyaita Prius nyingi za kizazi cha pili yarudi kubadilishiwa pampu hiyo. Sasa wewe unamwaga maji ya kisima humo?

Likitetemeka asubuhi kama lina malaria, usikimbilie betri kubwa, hiyo huenda ni injini. Tazama plagi na koili. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu, ile ya injini ya 1.8, njia ya kurudisha moshi huziba masizi, na gasketi ya silinda hedi ikianza kuvuja, kulanti inapungua bila kuona tone chini.

Na betri ikiwa imekufa kweli je? Mashine itatoa namba kama P0A80, lakini hata hapo adai kuonyeshwa vipande vikipimwa, kipi kimeanguka. Ukibadilisha kimoja tu kwenye betri iliyozeeka, wenzake watakifuata mmoja mmoja, na wewe utakuwa mgeni wa kudumu gereji.

Sasa neno langu, na hapa msinuniane. Tunapenda kusema mafundi ni matapeli. Wapo, sikatai. Lakini hebu tujiulize: mara ngapi fundi ametumia saa mbili kutafuta tatizo, akakuta ni waya umelegea, ukampa elfu mbili ya soda? Ila akikuambia kuna kifaa cha kubadilisha, unatoa laki tatu bila kubisha kwa kuwa umekiona kwenye boksi. Tumemfundisha kwamba kichwa chake hakina bei, spea ndiyo ina bei. Basi anatuuzia spea. Gari la haibridi ugonjwa wake hauonekani kwa macho wala kusikika kwa sikio, unapimwa. Anayepima bure atatafuta pa kujirudishia.

Kwa hiyo ukienda gereji, kubalianeni bei ya kupima kwanza, muulize amepima nini na kimesoma ngapi, na mpe chake hata akikuta ni vumbi. Hasa akikuta ni vumbi.

Haya, wiki njema, na leo jioni hebu pitisha mkono pembeni ya kiti chako cha nyuma.